Maumivu ya nyonga: Waja wazito wasiyafiche

Wahenga walipotuambia kwamba mficha uchi hazai, hawakuwa wakitania. Walijua ya kuwa mwanamke akishikwa na uchungu hana budi kuiweka haya kando mbele ya mkunga wake. Lakini ajabu ni kwamba methali hiyo twaikumbuka siku ya kuzaa tu. Katika miezi tisa inayotangulia, mwanamke yule yule hutakiwa afiche kila kitu, na hasa maumivu yanayomkaa mahali ambapo kupataja ni aibu.

Maumivu tunayoyazungumza leo ni yale ya nyonga na kinena. Yakadiriwa kuwa katika kila waja wazito watano, mmoja huyapata. Wengine huumwa kidogo tu, nao huendelea na shughuli zao. Wengine hufika mahali pa kushindwa kugeuka kitandani, au kupanda ngazi, au kuvaa nguo wakiwa wamesimama. Si maradhi ya kigeni, wala hayakuletwa na maisha ya mjini. Walioishi mashambani kabla yetu waliyapata pia, ila waliyabeba kimya kimya pamoja na kuni na ndoo za maji.

Kiswahili chetu kina utajiri mkubwa wa maneno ya uzazi. Tuna mimba na uja uzito, tuna uchungu, tuna kondo la nyuma, tuna arobaini. Lakini maumivu haya hayana jina lao. Mama akilalamika, swali la kwanza huwa, "Ni uchungu?" Akijibu kuwa sio, basi mazungumzo yamekwisha. Mavyaa atamwambia, "Mkaza mwana wangu, mimba si maradhi. Sisi tumezaa saba, na maji tulichota wenyewe." Mumewe naye akisikia hivyo huona kwamba huenda mkewe anadeka. Tangu siku hiyo mama hufunga mdomo, na akitembea hujikaza ili asionekane akichechemea.

Kimya hicho humfuata hadi kliniki. Nesi amuuliza pauma wapi, naye ainamishe macho ajibu, "Kiuno," au, "Huku chini." Sasa kiuno ni kitu kimoja na kinena ni kingine, na "huku chini" huweza kuwa kibofu, au tumbo la uzazi, au njia ya mtoto. Nesi mwenye foleni ndefu mlangoni huandika dawa ya mkojo, na mama hurejea nyumbani na vidonge visivyomhusu. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba nesi ndiye wa kulaumiwa peke yake. Asiyeambiwa atajuaje?

Zamani alikuwako somo. Katika Mombasa, Lamu na miji mingine ya pwani, msichana alikuwa na mwanamke mzima aliyemfunza mambo ya unyumba, na mbele ya mwanamke huyo hapakuwa na neno la aibu. Bara nako walikuwako nyanya na shangazi waliofanya kazi hiyo hiyo. Leo msichana anashika mimba akiwa katika chumba cha kukodi huko Kayole au Kisauni, nyanya yuko mbali, na kliniki anapewa dakika chache tu. Tumempoteza mtu wa kuambiwa, na hatujamweka mwingine mahali pake.

Tuyataje basi mambo kwa majina yake. Nyonga zetu zimeungana mithili ya pete. Kuna mfupa mkubwa upande wa kulia na mwingine wa kushoto. Kwa nyuma mifupa hiyo imeshikana na mfupa ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, juu kidogo ya kitokono. Kwa mbele yakutana kwenye kinena, na hapo katikati pana gegedu, yaani kitu kigumu lakini chenye kunyumbuka, kama kile kilicho kwenye sikio. Mwanamke asiye na mimba ana nafasi ya milimita 4 au 5 hivi kati ya mifupa hiyo miwili ya kinena. Akiwa mja mzito, kano zinazoishika pete hiyo hulegea, na nafasi ile huweza kuongezeka kwa milimita 2 au 3. Mwili unajitayarisha kumpisha mtoto.

Kulegea huko hutokana na homoni za mimba, mojawapo ikiitwa relaksini. Lakini isidhaniwe kwamba homoni ndiyo sababu pekee. Waja wazito wote hulegea, na si wote wanaoumwa. Hata picha ya mifupa haisemi mengi, kwani yuko mama mwenye nafasi pana asiyehisi kitu, na mwenzake mwenye nafasi ndogo anayelia usiku. Uzito wa mtoto, mabadiliko ya namna ya kusimama, maumivu ya mgongo ya tangu kabla ya mimba, na ajali ya zamani iliyogusa nyonga, yote yamo. Pete iliyolegea ikivutwa upande mmoja zaidi ya mwingine, kiungo hukwaruzana, na wakati mwingine hutoa mlio kama wa mtu aalishaye vidole. Huo mlio huwatisha wengi wakadhani mfupa umevunjika. La hasha.

Yako pia mengine yanayosemwa vibarazani, kwamba maumivu ya upande fulani ni dalili ya mtoto wa kiume, au kwamba mama anayepumzika atazaa kwa taabu. Hilo la kwanza ni mchezo tu. Hilo la pili ndilo baya, maana limewafanya wengi wajitese. Ni kweli mja mzito anahitaji kuunyoosha mwili, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka wa 2016 lapendekeza mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga. Lakini kutembea polepole jioni ni jambo moja, na kupanda mlima na mtungi ni jingine.

Tuzitazame kazi zetu wenyewe. Mwanamke wa pwani akikuna nazi huketi juu ya mbuzi huku magoti yameachana, na hakuna mkao unaokiumiza kinena kuliko huo. Afadhali akalie kiti na kumpa mwingine mbuzi, hata kama ni mwanamume. (Naam, mwanamume. Nazi haimjui anayeikuna.) Kufagia ua kwa ufagio mfupi huku umeinama kwavuta nyonga za nyuma, na mpini mrefu hupunguza taabu hiyo. Kumbeba mtoto mkubwa ubavuni, akikalia nyonga moja, huelemeza pete yote upande mmoja. Kule Murang'a na Kiambu, mzigo wa kuni unaoshikwa kwa ukanda wa kichwani humlazimisha mama ainame mbele mwendo mzima. Mzigo wa kichwani wenyewe haupindi upande, lakini kujitwisha na kujitua ndiko kunakoumiza. Maji ya ndoo moja yagawanywe kwenye vibuyu viwili vidogo, mkono huu na mkono huu, au yachotwe na mwenye nguvu zake.

Mjini adui ni ngazi za matatu. Utingo anapiga kelele, dereva hangoji, na mama anatakiwa kuinua mguu mmoja juu huku mwili wote ukisimamia ule mwingine. Hapo ndipo maumivu huchoma kama kisu. Asione haya kumwambia utingo angoje. Akipanda teksi, akalie kiti kwanza kwa makalio, kisha aiingize miguu yote miwili pamoja, magoti yakigusana. Kitandani vile vile: anapogeuka ayabane magoti, ageuke mwili mzima kwa pamoja, na akilala ubavu aweke mto katikati ya magoti. Asiye na mto wa ziada akunje leso mbili tatu. Kuvaa chupi, sketi au viatu, aketi. Ngazi za nyumbani apande moja moja, mguu ukingoja mwenzake. Na Mwislamu anayeumia kwa rukuu na sijida asijilazimishe, kwani dini yenyewe imemruhusu asiyeweza kusimama asali akiwa ameketi.

Leso nayo ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Madaktari hutoa mikanda maalumu ya kuibana pete ya nyonga, na mwongozo ule wa mwaka wa 2016 waitaja mikanda hiyo pamoja na fiziotherapia. Asiyeweza kuinunua aikunje leso kwa urefu mpaka iwe kama mshipi mpana, aifunge chini ya tumbo, usawa wa nyonga, juu kidogo ya mapaja. Isipite juu ya tumbo. Ifungwe wakati wa kutembea na kazi, ilegezwe wakati wa kuketi, na ikizidisha maumivu ifunguliwe. Wataalamu wa viungo wana jaribio la kuonyesha kama mkanda utafaa. Mama hulala chali kwa muda mfupi na kuinua mguu mmoja ulionyooka. Ukiwa mzito kama gogo, lakini ukawa mwepesi pale nyonga zinapobanwa kutoka pande zote mbili, basi mkanda huenda ukamsaidia.

Bibi zetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Mkaja ni kitambaa alichojifunga mwanamke tumboni baada ya kuzaa, na jina hilo hilo likapewa zawadi anayotoa bwana harusi kwa mama wa bibi harusi, pamoja na ubeleko, ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Yaani twalipa heshima kwa kiuno kilichobeba mimba, tena mbele ya mashahidi, miaka ishirini na zaidi baada ya tendo. Lakini kile kiuno kilipokuwa kikiuma, hakuna aliyetaka kusikia.

Kuhusu dawa, tahadhari inahitajika. Duka la dawa lililo karibu litamwuzia mama diklofenaki au ibuprofeni bila kumwuliza ana mimba ya miezi mingapi. Dawa za namna hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa baada ya wiki ya 20, na hazifai kumezwa bila amri ya daktari. Parasetamoli ndiyo huanziwa, nayo kwa kipimo alichopewa na mhudumu wa afya. Kukandwa mgongo kwa mkono laini hakuna neno. Kukamuliwa na kusukumwa tumbo na mtu asiye na ujuzi ni hatari tupu, hata akiwa ni jirani mwenye nia njema.

Ajue pia maumivu yasiyokuwa ya nyonga. Damu ikitoka, maji yakivuja, homa ikipanda, mkojo ukichoma, tumbo likikaza na kuachia kwa vipindi kabla ya wiki ya 37, mtoto akipunguza kucheza, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Hospitali kubwa za kaunti zina idara za fiziotherapia, na mja mzito ana haki ya kuomba atumwe huko. Wengi hawajui, wakidhani ni mahali pa waliovunjika miguu peke yao. Aliyeajiriwa naye aseme mapema kwa mkuu wake ili apewe kiti au kazi isiyo ya kusimama kutwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara, lakini maumivu haya mara nyingi huzidi kati ya wiki ya 24 na ya 36, wakati wengine bado wako kazini.

Wako wanaoogopa kwamba nyonga zinazouma haziwezi kuzaa. Wengi wao huzaa kwa njia ya kawaida. La muhimu ni mkunga ajue mapema. Nyumbani, kabla ya siku kufika, mama apime magoti yake yaweza kuachana kiasi gani bila kuumia, kisha akamwonyeshe mkunga, ili wakati wa kuzaa miguu isipanuliwe kupita hapo pasipo lazima. Anaweza kuzaa akiwa amelala ubavu au amepiga magoti na kushika kitanda, nao ni mkao unaozipumzisha nyonga kuliko kulala chali.

Baada ya kuzaa, wengi hupata nafuu katika wiki au miezi michache. Wachache huendelea kuumwa, na hao wasiambiwe kuwa ndiyo uzazi ulivyo. Miezi 3 ikipita bado anachechemea, arudi kwa mtaalamu wa viungo. Na kwa kuwa maumivu haya huweza kumrudia katika mimba inayofuata, amwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki, na atumie neno lenyewe: kinena.