"Ain't" na "Don't": Sarufi ya Nyimbo za Kiingereza Ilitoka Wapi

Sisi tuliosomea Kiingereza darasani hukerwa na nyimbo zake. Mwalimu alitukaririsha kwamba nafsi ya tatu umoja ni "doesn't" na kwamba vikanusho viwili havikai katika sentensi moja. Ukija huku ughaibuni ukawasha redio, kila wimbo unavunja yote mawili. Wako wazazi wa kwetu wanaowakataza watoto kuimba nyimbo hizo wasije wakaharibikiwa lugha. Naona wanaogopa kisichotisha, maana nyingi kati ya kasoro hizo zina sababu, na zina wenyewe.

Sababu nyepesi ni mizani. Mwaka 1932 mwanamuziki wa jazi Duke Ellington alirekodi "It Don't Mean a Thing", maneno yakiwa ya Irving Mills. Jaribu kutia "doesn't" palipo na "don't": silabi moja inakuwa mbili, ya pili dhaifu, na pigo linayumba. Washairi wetu wanalijua jambo hili tangu zamani. Wana inkisari ya kufupisha neno na mazida ya kulirefusha, na hata kupindua mpangilio wa maneno kuna jina lake, kuboronga sarufi, wala hakuna anayemwona mshairi mjinga kwa hilo.

Lakini mizani peke yake haitoshi. Mwaka 1955 Fats Domino, mwimbaji Mweusi mzaliwa wa New Orleans, alitoa "Ain't That a Shame". Mwaka huohuo mwimbaji Mzungu, Pat Boone, akaurudia wimbo huo, na amesimulia mwenyewe kwamba alitaka kuusahihisha, aimbe "isn't". Neno hilo halikukaa. Akarudi kwenye "ain't", na rekodi yake ikashika namba moja Marekani.

Sababu nzito zaidi ni lugha ya wenye muziki huo. Bluzi, jazi na roki vina asili kwa Wamarekani Weusi, hasa wa Kusini, na watu hao wana Kiingereza chao chenye sarufi kamili. Mwanaisimu William Labov, aliyechunguza usemi wa vijana wa Harlem, alilitetea hilo kwa nguvu mwaka 1969. Chukua "he working" na "he be working". Mwenye kalamu nyekundu ataona makosa mawili. Kwa wasemaji wenyewe, ya kwanza ni kwamba anafanya kazi sasa hivi. Ya pili, hufanya kazi, ndiyo kawaida yake. Mswahili, anayetenganisha "anafanya" na "hufanya" bila hata kufikiri, angepaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Vikanusho navyo vina utaratibu. Katika Kiingereza hicho ukanushaji husambaa katika sentensi nzima, hivyo "I ain't seen nobody" ni sijaona mtu, basi. Mshairi Mwingereza Chaucer alirundika vikanusho vivyo hivyo katika karne ya 14. Waliokuja kuvipiga marufuku ni wanasarufi wa karne ya 18, Robert Lowth akiwa mmoja wao, kwa hoja kwamba viwili vinafutana.

Waingereza wenyewe waliazima huko. Mick Jagger alizaliwa Dartford na akasoma London School of Economics. Sarufi ya shule hakuikosa. Bendi yake ilipata jina la Rolling Stones kutoka wimbo wa mwanabluzi Muddy Waters, aliyehama Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943. Walipotoa "(I Can't Get No) Satisfaction" mwaka 1965, pamoja na vikanusho vyake viwili, walikuwa wakiimba kwa lugha ya walimu wao. Linaniuma kwamba usemi uliowatajirisha vijana wa Uingereza ulikuwa ukiwaponza watoto wa wenyewe shuleni.

Ndiyo maana kesi ya Ann Arbor, Michigan, inastahili kujulikana na kila mzazi mwenye mtoto katika shule za Marekani. Familia za Weusi zilishtaki kwamba watoto wao wanahesabiwa kuwa wazito wa kujifunza, ilhali walimu hawakuzingatia kwamba wana lugha yao ya nyumbani. Mwaka 1979 Jaji Charles Joiner aliwapa haki. Hakuamuru watoto wafundishwe kwa lugha hiyo. Aliitaka wilaya ya shule iwawezeshe walimu kuitambua, na kuutumia ujuzi huo wanapowafundisha watoto kusoma Kiingereza sanifu.