Zinki Isiyolika

Mashua ya faiba ikikwezwa pwani baada ya mwaka mzima majini, mwenyewe huinama kuangalia zinki, lile bonge la kijivu lililofungwa kwenye shafti. Akilikuta zima kama alivyolitoa dukani, hufurahi: mwaka huu hanunui jingine. Asiwe na haraka. Achukue kisu, aikwangue rafadha. Ikionyesha rangi ya waridi badala ya njano, na akiigonga isivume kama kengele, basi bahari imekula, ila imekula pasipotakiwa.

Bahari hulaje chuma? Tia metali mbili tofauti kwenye maji ya chumvi, zigusane au ziunganishwe kwa waya, nawe umekwisha tengeneza betri. Moja kati ya hizo huyeyuka, na mwenzake husalimika kwa gharama yake. Ya kwanza kuyeyuka ni magnesiamu, ikifuatwa na zinki, alumini, chuma cha kawaida, kisha shaba. Stenlesi iko mkiani. Kati ya zinki na shaba pana tofauti ya takriban volti 0.7. Ni ndogo kiasi kwamba mkono hausikii, lakini hailali. Sasa, rafadha nyingi tunazoziita za shaba zimechanganywa na zinki. Usipoipa bahari zinki uliyonunua, itaichomoa ile iliyomo ndani ya rafadha, ikuachie shaba nyekundu yenye vitundu kama mkate wa kumimina.

Jeshi la majini la Uingereza lilifundishwa somo hili na misumari. Mwaka 1761 liliivika manowari HMS Alarm mabamba ya shaba ili mbao zake zisitobolewe na minyoo ya baharini. Ilipokaguliwa mwaka 1763, mabamba yalikuwa mazima, lakini misumari ya chuma iliyoyashikilia ilikuwa imelika vibaya. Iliyopona ni ile ambayo karatasi ya kufungia mabamba ilibaki katikati, ikaizuia isigusane na shaba. Mwaka 1824 mkemia Humphry Davy akaligeuza tatizo likawa dawa: alipachika vipande vya zinki na vya chuma kwenye shaba, vilike badala yake. Shaba ikaacha kulika. Lakini shaba isiyoyeyuka haina sumu ya kufukuza viumbe, na meli zikaota chaza na magugu hadi zikawa nzito. Vipande vikang'olewa. Davy alikuwa sahihi kuhusu umeme. Kilichomshinda ni chaza.

Pwani hatuhitaji kufundishwa wazo la kutoa kimoja ili kingine kinusurike. Hiyo ni kafara, na zinki ni kafara ya rafadha. Lakini kafara hii ina masharti. Lazima ishikane na metali inayoilinda, kwa hiyo pakwanguliwe mpaka pang'ae kabla ya kukaza boliti. Rangi au kutu nyembamba tu inatosha kuitenga. Ukipima kwa mita kutoka kwenye zinki hadi kwenye rafadha, usomaji usifike hata omu moja. Zinki yenyewe isipakwe rangi kamwe. Na iendane na maji: zinki ni ya bahari. Kwenye maji baridi ya Ziwa Victoria au Tanganyika hujivika ganda gumu ikaacha kazi; huko hutumika magnesiamu. Kwenye midomo ya mito, chumvi na maji baridi vinapokutana, kafara za alumini hufaa zaidi. Ikilika nusu, ibadilishe.

Wala usiirundike ukidhani zaidi ni bora, hasa kwenye chombo cha mbao. Metali inayolindwa kupita kiasi huyafanya maji yanayoizunguka kuwa makali kama magadi, na makali hayo hulainisha mbao. Utakuta boliti inang'aa ndani ya tundu lililooza. Mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, haikuujua ugonjwa huu.

Yote hayo ni kazi ya chini ya volti 1. Betri ya chombo ina volti 12, na ikivuja, mambo huharibika kwa siku badala ya miaka. Mkosaji wa kawaida ni waya wa pampu ya ngama: kiungo kimezungushiwa selotepu, kisha kimeachwa kilale kwenye maji ya chumvi. Umeme hupenya maji ya ngama, huingia kwenye vali ya shaba, hutokea baharini, hurudi betrini kupitia shafti. Pale unapoiacha metali na kuingia majini, huondoka na metali hiyo. Ampea 1 ikivuja mwaka mzima huyeyusha takriban kilo 9 za chuma. Hakuna kafara ya kuushibisha umeme huo; dawa ni kuuziba. Zima kila kitu, fungua waya wa chanya kwenye betri, weka mita ya ampea katikati. Isiposoma sifuri, chomoa fyuzi moja moja mpaka umpate mwizi. Kisha viungo vyote vihamishwe juu, maji yasikofika.

Anayechomeka umeme wa gatini ajue pia kwamba waya wa ethi unaziunganisha metali zake na za jirani, na zinki yake huenda inalinda rafadha ya mwingine. Asiukate waya huo, kwani ndio unaookoa maisha hitilafu ikitokea. Kipo kifaa kinachofungwa kwenye waya wa ethi, kikazuia volti hizi ndogo na kuruhusu umeme wa hitilafu upite.

Kwa hiyo ukikweza chombo, isome zinki kabla ya kuitupa. Ikiwa nzima, huenda haikushikana na kitu. Ikiwa imeisha ndani ya wiki chache, tafuta waya unaovuja. Ikiwa imebaki nusu, nunua nyingine kama hiyo hiyo, uifunge palepale.