Anayejua Ameokoka Amejuaje?

Katika ushirika wa walokole, iwe ni Kigezi, Bukoba au Murang'a, ushuhuda una mtindo wake. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anataja jina lake, kisha anatamka kwamba ameokoka na kwamba Yesu ni Bwana na Mwokozi wake. Wengi huongeza tarehe. Wapo wanaokumbuka hata saa. Wenzake wanamwitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda unaoimbwa na watu wengi wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Anakaa, anasimama mwingine.

Kwenye benchi la nyuma mara nyingi yupo anayeombea zamu isimfikie. Amebatizwa utotoni, amepata kipaimara, ni mwimbaji wa kwaya. Kwenye mikutano ya injili amenyoosha mkono na kufuatisha sala ya toba neno kwa neno, tena si mara moja, maana kila akitenda dhambi huona ile ya kwanza haikushika. Akilala hana hakika ataamkia wapi kama roho itatoka usiku. Wachungaji wanamjua sana mtu huyu. Ndiye anayesubiri waumini wote watawanyike, halafu anaomba dakika tano ofisini na kurudishia mlango.

Swali lake, kama mtu anaweza kujua kwamba ameokoka, limewahi kutumiwa hata kama mtego. Februari 1431, mjini Rouen nchini Ufaransa, msichana aliyekadiriwa kuwa na miaka 19, Jeanne d'Arc, aliulizwa na mahakama ya kanisa kama anajua kwamba yumo katika neema ya Mungu. Akisema ndiyo, amejidai kujua jambo ambalo kanisa lilifundisha kwamba mwanadamu hawezi kulijua kwa yakini. Akisema hapana, amejihukumu kwa kinywa chake. Jeanne, binti wa shamba, akajibu kwamba kama hayumo, basi Mungu amtie humo, na kama yumo, Mungu amdumishe. Mmoja wa makarani wa mahakama alisimulia baadaye jinsi waliokuwa wakimhoji walivyopigwa na butwaa. Hata hivyo, miezi michache baadaye alichomwa moto. Leo jibu lake limo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, kama mfano wa moyo unaomwachia Mungu bila kukata tamaa wala kujivuna.

Martin Luther hakuweza kutulia hapo. Alipoingia utawani Erfurt mwaka 1505 alifunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi mfululizo, kisha akarudi tena kwa sababu amekumbuka dhambi nyingine. Msimamizi wake, Johann von Staupitz, alimwonya kwamba anatafuta mahali pasipo jibu. Ayatazame majeraha ya Kristo, aache kujichimba mwenyewe. Shauri hilo lilibaki naye maisha yote. Alipokuja kufundisha wengine, aliwaelekeza kwenye vitu vilivyo nje ya mioyo yao: Neno lililohubiriwa, maji ya ubatizo, mkate na divai, tangazo la msamaha linalotoka kinywani mwa mwingine. Yeye mwenyewe mashaka yalipomsonga alijikumbusha kwamba amebatizwa. Alishikilia tendo ambalo Mungu alikwisha kulifanya, hata siku ambazo moyoni hakuhisi lolote.

Mtaguso wa Trento ulijibu mwaka 1547: hakuna awezaye kujua, kwa uhakika usioweza kukosea, kwamba amepokea neema ya Mungu. Waprotestanti wengi wanaijua sentensi hiyo. Wachache wanajua kwamba tamko hilohilo linasema pia kuwa Mkristo mchaji hapaswi kutilia shaka huruma ya Mungu, stahili za Kristo wala nguvu ya sakramenti. Hofu huja anapoutazama udhaifu wake mwenyewe. Ukisoma pande zote mbili bila hasira, umbali uliopo ni mdogo kuliko karne za ugomvi zilivyofanya uonekane. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Sehemu moja inahusu hasa uhakika wa wokovu, na inakiri kwa pamoja kwamba waamini wanaweza kuitegemea rehema na ahadi za Mungu.

Kisa kinachowagusa zaidi Wakristo wa Afrika Mashariki, hata kama wengi hawajakisikia, ni cha kasisi Mwanglikana aliyekuwa akivuka bahari ya Atlantiki. Januari 1736 John Wesley alikuwa melini akienda Georgia kuhubiri. Dhoruba ikapasua tanga kuu na maji yakafunika sitaha. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian wa Ujerumani waliokuwa katikati ya ibada wakaendelea kuimba zaburi yao, wake kwa waume na watoto. Baadaye Wesley alimuuliza mmoja wao kama hawakuogopa, naye akajibu kwamba hapana, hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Walipofika nchi kavu, kiongozi wa Wamoravian, August Spangenberg, alimuuliza Wesley kama anao ushuhuda ndani yake na kama anamjua Yesu Kristo. Wesley alisema anajua kwamba ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akasisitiza: je, unajua kwamba amekuokoa wewe? Kasisi alijikaza akasema anajua. Katika shajara yake alikiri kwamba alihofia maneno hayo yalikuwa matupu.

Alirudi Uingereza ameshindwa. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo wa mtaa wa Aldersgate jijini London, mtu alikuwa akisoma dibaji ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Yapata saa tatu kasorobo usiku, Wesley alihisi moyo wake umepata joto la ajabu, akaamini kwamba Kristo ameondoa dhambi zake yeye, John. Wamethodisti duniani kote, wafuasi wa Wesley, huikumbuka siku hiyo.

Kinachosimuliwa mara chache ni yaliyofuata. Januari 1739, kabla hata miezi minane haijatimia, Wesley aliandika kwamba yeye si Mkristo. Mwaka 1766, akiwa ameongoza maelfu kwa Kristo, alimwandikia ndugu yake Charles barua yenye maungamo mazito kuhusu ukavu wa moyo wake. Na uzeeni alikumbuka jinsi walivyokuwa wakiwaambia watu, hapo mwanzo, kwamba asiyejua kuwa dhambi zake zimesamehewa yumo chini ya ghadhabu ya Mungu. Akasema anashangaa watu hawakuwapiga mawe. Hakuacha kuhubiri uhakika. Aliacha kuufanya kuwa mlango wa kuingilia, akaufanya kuwa karama ambayo watoto wa Mungu wanaalikwa kuiomba na kuitazamia.

Wamishonari wa kanisa hilohilo la Wamoravian walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891. Mlezi wao wa kale, Nikolaus von Zinzendorf, alisumbuliwa na Wakristo wa mji wa Halle nchini Ujerumani waliotaka kila aliyeokoka aeleze mapambano yake ya toba na siku yalipokwisha. Zinzendorf, aliyempenda Yesu tangu utotoni, hakuwa na siku ya namna hiyo.

Sasa tuje nyumbani. Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya ya serikali ya Buganda, alikuwa akisimama nje ya kanisa kuu la Namirembe na kuwauliza watu kama wameokoka. Aliwauliza waumini na wachungaji wao pia. Mwaka 1929 alikutana hapo Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa amechoka kwa kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakakaa na Biblia zao, wakasoma na kuomba pamoja. Ule uamsho wa walokole uliosambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika huhesabiwa na wengi kuanzia hapo.

Katika hospitali ya Gahini, Yosiya Kinuka, msimamizi wa wahudumu, alikuwa na manung'uniko mengi juu ya kazi na wakubwa wake. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, naye hakumpa nafasi ya kuwalaumu wengine. Alimwelekeza kwenye dhambi iliyo moyoni mwake. Njiani akirudi, Kinuka alijitoa kwa Kristo. Wenzake walipomwona anaungama waziwazi hawakufurahi, kwa kuwa maungamo ya mmoja yaliwafichua wengine. Mambo yalifika mbali zaidi mwaka 1941, wanafunzi 26 walipofukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono baada ya kugombana na uongozi, pamoja na mambo mengine, kwa kuhubiri kwao alfajiri.

Swali la Nsibambi liliamsha makanisa yaliyokuwa yamesinzia, na halipaswi kubezwa. Liliwafanya watu walipe madeni, warudishe vitu vya wizi, wapatane na waliokuwa hawasalimiani. Lakini swali hilo likibadilika kuwa “Uliokoka lini?”, wapo linaowaumiza bure. Paulo anaweza kuitaja njia ya Dameski. Timotheo je, aliyelelewa katika imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike? Maandiko hayampi tarehe, wala Paulo hamdai.

Walokole wenyewe, wale wa mwanzo, hawakuishi kwa tarehe. Aliyeokoka mwaka 1935 alitarajiwa kutubu Jumanne ya wiki hii, mbele ya ndugu, kwa sababu alimjibu mkewe vibaya Jumatatu. Hilo waliliita kutembea nuruni. Mwenendo huo unafuata barua ya kwanza ya Yohana, ambayo mwandishi wake anasema wazi, katika sura ya 5 aya ya 13, kwamba ameandika ili wanaoliamini jina la Mwana wa Mungu wajue kuwa wanao uzima wa milele. Barua hiyo haidai utakatifu usio na doa. Inaanza kwa kusema anayejidai hana dhambi anajidanganya. Inampa msomaji mambo ya kujipima: anamkiri Yesu Kristo? Anawapenda ndugu? Anatii, na akianguka anaungama? Inampa pia mwombezi aliye mbele za Baba. Paulo, katika Warumi 8, anaongeza jambo la tatu: Roho anayeshuhudia pamoja na roho zetu.

Imani hiyo ya walokole ilijaribiwa vikali katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1950. Walokole wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kunywa damu ya mbuzi. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni, hivyo wakachukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huohuo. Aliokoka Januari 1948.

Yapo makanisa yanayosita kutumia neno “nimeokoka”. Kwa Wasabato, Ellen White aliandika mwaka 1900 kwamba waliompokea Mwokozi wasifundishwe kusema wameokoka, akimtumia Petro kama mfano: alijiamini, na usiku uleule akamkana Bwana. Wapentekoste na Wamethodisti husema mtu anaweza kuwa na hakika leo na bado akaiacha imani kesho, na hufungua Waebrania 6. Wapresbiteri na Wabaptisti wengi hufungua Yohana 10, kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo mkononi mwa Kristo. Ubishi huu hautaisha karibuni. Ila yule aliyerudishia mlango wa ofisi hakuja kubishana. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba toba yake haikushindwa kushika, kwa sababu kinachoshika ni Kristo aliyemwendea. Na kwamba kuhuzunika kwake kwa ajili ya dhambi ni dalili ya uhai. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo Wapresbiteri wamelirithi, linakubali wazi kwamba mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kupata uhakika huo, na kwamba anaweza kutikisika hata baada ya kuupata.

Mshairi William Cowper alitikisika kuliko wengi. Pamoja na rafiki yake John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa aliyekuwa mchungaji wa Olney nchini Uingereza, alitunga nyimbo zilizochapishwa mwaka 1779. Wimbo wake juu ya chemchemi ya damu ya Yesu unaimbwa hadi leo katika makanisa ya Kiswahili, misibani na kwenye Meza ya Bwana. Cowper mwenyewe, akisumbuliwa na maradhi ya akili, aliamini kuanzia mwaka 1773 kwamba Mungu amemkataa, na hakuna aliyeweza kumshawishi vinginevyo. Mara ugonjwa ulipomzidia, Newton na mkewe walimpokea nyumbani kwao, akakaa nao zaidi ya mwaka. Hawakumhesabu mpotevu hata siku moja. Cowper alikufa Aprili 1800 bila kuipata amani aliyowaimbia wengine, na Newton, aliyekuwa mzee wa miaka 74, alimhubiria rafiki yake mahubiri ya maziko kama mtu aliyekwisha kufika kwa Bwana.