Rada Iliyopandishwa Garini



Jioni moja, baada ya darsa kwisha, vijana wetu wawili walibishana mbele yetu. Mmoja alisema kwamba siku hizi wataalamu wa hali ya hewa hawana haja ya kutoka ofisini mwao, kwani rada huona kila kitu kutoka mbali. Wa pili akasema kwamba amesikia ya kuwa huko Marekani wako watu waipandishao rada juu ya lori, wakaipeleka mpaka ndani ya dhoruba ya theluji. Wakatugeukia tuwaamue. Sisi theluji hatujapata kuiona ila katika picha, na elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Basi tukawaomba watupe muda, tukawauliza wajuao, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa ili wazee na vijana majumbani wapate faida.

Kwanza yatupasa tufahamu rada ni kitu gani. Rada ni mtambo upelekao mawimbi yasiyoonekana kwa macho, jamaa ya mawimbi ya redio, kisha hunyamaza ukasikiliza. Mawimbi yale yakikutana na matone ya mvua au chembe za theluji, sehemu yake ndogo hurudi, kama urudivyo mwangwi mtu anapoita mbele ya jabali. Muda uliopita baina ya kwenda na kurudi ndio unaojulisha umbali. Mawimbi haya huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hivyo mwangwi wa theluji iliyo kilomita 30 kutoka kwenye mtambo hurudi kwa muda wa sehemu moja tu ya sekunde iliyogawanywa mara 5,000. Katika Vita Vikuu vya Pili askari waliokuwa wakitafuta ndege za adui waliudhika kuiona mvua katika vioo vya rada zao. Vita vilipokwisha, udhia ule ukageuka kuwa elimu.

Rada za siku hizi hujua pia mwendo wa upepo. Msomaji asimame kando ya barabara, alisikilize basi lipigalo honi likija mbio: sauti yake huwa nyembamba linapokaribia, na likisha kupita huwa nzito. Jambo hili lilielezwa mwaka 1842 na mtaalamu wa Austria aitwaye Christian Doppler. Mawimbi ya rada nayo hubadilika hivyo hivyo yakigonga theluji inayochukuliwa na upepo, na kwa mabadiliko hayo hujulikana kama theluji inaijia rada au inaikimbia, na kwa kasi gani.

Ikiwa hivyo ndivyo, gari la nini? Jawabu ni kwamba mawimbi ya rada hunyooka, na dunia ni mviringo. Rada iliyojengwa mahali pamoja, hata ikielekezwa chini kadiri iwezavyo, kila mawimbi yake yaendapo mbali ndivyo yanavyopanda juu ya ardhi. Yakifika kilomita 100 huwa yamekwisha panda kiasi cha kilomita 1 na nusu, na yakifika kilomita 150 huwa yamepita kilomita 2 na nusu. Mawingu ya mvua ya radi huku kwetu ni marefu kama milima, hivyo rada haikosi kuyaona. Walakini yako mawingu ya theluji yaliyo mafupi, ambayo mara nyingi hayavuki kilomita 2 au 3 kwenda juu. Rada ya mbali huyaona vichwa tu, au huyaruka kabisa, na huku chini watu wanafukiwa.

Theluji ya namna hii hutokea sana kandokando ya maziwa makubwa yaliyo baina ya Marekani na Kanada. Majira ya baridi yakiingia, upepo mkavu wa kaskazini hupita juu ya ziwa ambalo maji yake bado yana ujoto wa siku zilizopita. Upepo hupata joto na mvuke kutoka majini, hupanda, hugeuka wingu, na wingu huimwaga theluji ng'ambo ya pili. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, theluji hujikusanya katika mkanda mmoja mwembamba na mrefu. Ajabu yake ni kwamba mtaa mmoja waweza kupata theluji ya kumfika mtu kiunoni, na jirani zao walio mwendo wa kilomita chache wakaziona nyota. Mkanda huo ukihama kidogo, khabari ya watu hugeuka yote.

Kwa sababu hii wataalamu walisema: ikiwa dhoruba haionekani kutoka tulipo, na tuiendee. Mwaka 1995 Joshua Wurman na wenziwe katika Chuo Kikuu cha Oklahoma walipandisha rada juu ya lori. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuvikaribia vimbunga vya nchi kavu, kisha magari hayo yakapelekwa kwenye theluji pia. Katika mwezi wa Desemba 2013 na Januari 2014 ulifanywa uchunguzi mkubwa kando ya Ziwa Ontario. Zilikuwako rada tatu za magari, ndege ya Chuo Kikuu cha Wyoming iliyopita ndani ya mawingu, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Mashariki ya ziwa hilo iko nchi ya juu iitwayo Tug Hill, na huko, tarehe 11 na 12 Desemba 2013, theluji ya zaidi ya sentimeta 100 ilianguka kwa muda wa saa 24.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mahali pa kusimamisha gari huchaguliwa mapema, kungali kweupe: pawe wazi, pawe sawa, pasiwe na miti wala majumba ya kuzuia mawimbi. Gari likifika huteremshiwa miguu ya chuma ili lisimame sawasawa, kwani likiinama kidogo tu mawimbi hukosa shabaha kwa mamia ya mita huko mbali. Kisha yatakikana ijulikane kwa hakika gari linaelekea wapi, na saa za mitambo zilingane na za wenzao. Hapo ndipo sahani ya rada huanza kuzunguka, ikipanda daraja baada ya daraja, na mwendeshaji hukaa ndani mbele ya vioo vya kompyuta akitazama rangi zinavyobadilika.

Nje ni giza na baridi ya kuuma mifupa. Theluji yenye majimaji ikiganda kwenye sahani hudhoofisha mawimbi, kwa hivyo sharti atoke mtu aiondoe. Bomba la moshi la gari likifukiwa, moshi wenye sumu waweza kurudi ndani ukawaua waliomo pasina wao kuhisi, basi nalo sharti lichimbuliwe kila mara. Dizeli ikimalizika, mtambo hufa na joto la kuwahifadhi hutoweka. Na likiwako shauri la kuhama kuufuata mkanda, huwa zito: ukihama, khabari za muda ule hupotea, na njia ina khatari, usipohama, huenda dhoruba ikakuacha ukiitazama hewa tupu. Mara nyingi aliyefaulu ni yule aliyechagua vyema, akavumilia pale pale mpaka usiku ukapita.

Liko jambo moja ambalo lilitupendeza sana. Rada moja hujua tu kama upepo unaijia au unaikimbia. Ukipita mbele yake kwa ubavu, haijui kitu. Kwa hivyo huwekwa gari la pili upande mwingine, likautazama upepo ule ule, na khabari zao zikaunganishwa. Tukawaambia vijana wetu: mwaona, hata katika elimu hii shahidi mmoja hakutosha.

Mavuno ya taabu hiyo si haba. Katika majira ya baridi ya 2010 na 2011 rada ya gari kando ya Ziwa Ontario ilionyesha kuwa ndani ya mikanda ya theluji mna vizingia vidogo vya upepo na mizunguko ambayo rada za mbali haziwezi kuipambanua. Magari haya si ya kutoa maonyo ya kila siku, bali yanayoonwa nayo husaidia kuzitengeneza hesabu ambazo maonyo hutolewa kwazo.

Na maonyo ni jambo la uhai na mauti. Mwezi wa Desemba 2022, mji wa Buffalo ulio kando ya Ziwa Erie ulipatwa na dhoruba ya theluji, na watu zaidi ya 40 wakafa katika mji huo na jirani zake. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine njiani, wengine majumbani ambamo magari ya kuwaokoa hayakuweza kufika. Onyo lilikuwa limekwisha tolewa kabla ya dhoruba kufika.

Sisi hatuna theluji ya namna hiyo, lakini tuna Ziwa Victoria. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani kutoka kila upande, ukakutana, ukapandisha mawingu ya radi juu ya wavuvi wetu. Mwanza iko rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Rada huona na mtaalamu hutangaza, lakini kuahirisha safari ni kazi ya mwenye mtumbwi, na kumkumbusha ni kazi ya watu wa nyumbani kwake.

Basi vijana wetu tuliwaamua hivi. Aliyesema rada huona kutoka mbali alisema kweli, ila hakuitimiza. Nayo ina mipaka ya macho yake. Aliyesema watu huiendea dhoruba kwa lori alisadikisha. Kisha wote wawili tukawausia: mkitaka kujua jambo, lisogeleeni, mlitazame kwa pande mbili, na mkisha kulijua mwambieni jirani kabla mvua haijanyesha.