Risasi ya Owino Uhuru: Uchafuzi wa Viwanda, Tofauti za Mitaa na Lugha ya Kuueleza

Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili chini ya umbo moja: kipande kidogo kinachofyatuliwa kwa bunduki, na madini mazito ya rangi ya kijivu yanayoyeyuka kwa joto lisilo kali. Zote mbili zina asili katika Kiarabu, kwani risasi za bunduki zilitengenezwa kwa madini hayo. Kwa msemaji wa kawaida, hata hivyo, maana ya kwanza ndiyo iliyo hai. Ya pili imebaki katika vitabu vya kemia na, siku hizi, katika habari za magazeti. Hali hii yaonekana kuwa suala la kamusi tu mpaka inapowekwa kando ya kisa cha Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda katika eneo la Mikindani, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Mnamo 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando yake, kikitenganishwa na nyumba kwa ukuta. Yafaa kusisitiza mfuatano huo. Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba maskini huvifuata viwanda kwa sababu ardhi ya huko ni rahisi na vibarua vinapatikana. Hapa mtaa ulitangulia, na kiwanda ndicho kilichoufuata.

Namna sumu ilivyowafikia watu si fumbo. Betri ilipasuliwa, asidi ikamwagwa, sahani za risasi zikatiwa katika tanuri. Moshi na vumbi vilitua juu ya mapaa ya mabati, na mvua iliponyesha vikashuka pamoja na maji ambayo watu waliyakinga kwa matumizi ya nyumbani. Majitaka yalipenya hadi kwenye mitaro ya mtaani. Wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi katika nguo zao. Mtoto anayetambaa kwenye udongo na kutia vidole kinywani hupokea sehemu yake kutoka pande zote hizo kwa pamoja, na mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Mwili huyachukulia madini haya kama kalisi, ukayahifadhi mifupani kwa miaka mingi. Ndiyo maana kufungwa kwa kiwanda mnamo 2014 hakukuwa mwisho wa madhara. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Utafiti wa damu na udongo uliochapishwa mwaka 2018 ni muhimu kwa mada ya tofauti za mitaa. Watafiti waliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wenzao wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda katika eneo hilohilo la Mikindani. Wastani wa risasi katika damu ulikuwa maikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru na 3.7 Bangladesh, katika udongo, miligramu 146.5 kwa kilo dhidi ya 11.5. Uteuzi wa mtaa wa pili ulikuwa wa busara. Lau Owino Uhuru ingelinganishwa na Nyali, mtu angeweza kudai kwamba tofauti inatokana na lishe, makazi au elimu ya wazazi. Bangladesh nayo ni maskini, hivyo umaskini peke yake hauwezi kuieleza tofauti hiyo.

Umaskini unaeleza jambo jingine: kwa nini ukuta ule ulijengwa pale. Wakazi wasio na hatimiliki hawahesabiwi kuwa majirani wenye kauli. Aidha, istilahi mtaa wa mabanda, ambayo imezoeleka hata katika maandishi ya kitaaluma, huutambulisha mtaa kwa vifaa vya ujenzi wake, na kutoka hapo si safari ndefu kuuona uchafu kuwa sehemu ya asili yake.

Kimya hicho kilivunjwa na mtu aliyekuwa ndani ya kiwanda. Phyllis Omido, aliyeajiriwa huko mwaka 2009, alikabidhiwa kazi ya kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Baadaye mtoto wake mchanga aligunduliwa kuwa na sumu ya risasi. Aliacha kazi na kuanza kuwahamasisha wakazi. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wakazi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua Julai 2020 kwamba haki yao ya mazingira safi na yenye afya, iliyomo katika kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, ilikiukwa, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sehemu kubwa zaidi ya lawama, asilimia 40, iliangukia mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA. Kiwanda chenyewe kilibebeshwa kidogo kuliko hapo. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Hukumu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wakazi huzungumza Kiswahili. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana risasi mwilini huenda akahitaji maelezo kabla ya kuelewa kwamba hakuna jeraha wala bunduki. Baadhi ya waandishi wa habari wametumia ledi ili kuepuka utata huo. Wengine husema madini ya risasi au sumu ya risasi. Istilahi hii ya mwisho ndiyo bora. Ledi inaondoa utata, lakini humwachia msikilizaji neno tupu asiloweza kulihusisha na kitu anachokijua. Sumu ya risasi inataja kitu pamoja na madhara yake, tena kwa maneno ambayo mama wa Mikindani anayo tayari. Maikrogramu kwa desilita ni shida kubwa zaidi: kipimo hiki hakina mshiko wowote katika maisha ya kila siku, na mhudumu wa afya ya jamii anayepeleka majibu ya damu nyumbani bado hujitungia maelezo yake mlango kwa mlango.