Opsio ya mtoto: ni kipawa ao ni falanga?

Mtoto akimaliza mwaka wa 8, nyumbani kunatokea ulizo moja: achague opsio gani kwa miaka 4 ya umanite? Biokemia, pedagojia, biashara, umeme ao kushona? Tunazoea kusema mtoto amechagua. Lakini ni nani kweli aliyechagua?

Zamani, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, Union Minière ilipeleka vijana wanaume kwenye masomo ya ufundi. Wasichana walifundishwa kushona na kutunza nyumba. Gécamines ilipochukua nafasi yake, watoto wa wafanyakazi waliendelea kusoma kwa msaada wa kampuni. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”. Mzigo wa masomo ukaangukia mabega ya baba na mama.

Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya msingi. Umanite haikuingia ndani. Tena opsio hazilingane bei. Ufundi unaomba overoli na vyombo. Sayansi inaomba maabara. Basi mtoto wa maskini anapelekwa kule kunakotosha ubao na chaki, hata kama anajua hesabu kupita wenzake. Na binti anaambiwa: “Weye mwanamuke, mashini itakufikisha wapi?” Kesho migodi ikitafuta mafundi wa umeme na wa kemia, wanaingia watoto wa nyumba zilezile.

Mabinti wa Selofehadi (Hesabu 27) walisimama mbele ya Musa, wakaomba sehemu yao ya urithi. Mungu alikubali kama wanasema haki. Masomo nayo ni urithi.

Tufanye nini basi?

Mzazi, soma buletini ya mtoto mbele ya kuhesabu falanga, na uulize mwalimu wake kipawa chake kiko wapi.

Wakristo, kanisa linaweza kununua overoli na vyombo vya kuazima, mwaka kwa mwaka.

Wakubwa wa mitaa, Sheria ya Migodi ya 2018 inaomba kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Mkikaa nao, ombeni maabara na atelieri.

Na weye kijana, mbele ya kuandika jina, ingia atelieri, ona kazi, uliza. Usichague kwa kufuata rafiki.