Faida Ipo, Hela Iko Tunduma

Nilimpa mama mwenye duka shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshanisukumia karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa mizania ya duka lake, niliyoifunga mimi mwenyewe wiki mbili kabla. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika nina milioni 240. Haya mwanangu, nipe 20 tu nimlipe mwenye mzigo, yuko njiani anakuja."

Nilibaki kimya. Duka lake la vitenge liko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru, na kwa kanuni niliyofundishwa darasani lilikuwa na afya tele: mali ya milioni 240, madeni ya milioni 120, mbili kwa moja kamili. Tarakimu hizi nimezizungusha ili duka lisijulikane, ila umbo la tatizo ni lile lile. Tangu siku hiyo nimeanza kuyasikiliza upya maneno ambayo wafanyabiashara, maafisa mikopo na sisi wahasibu tunayatamka kana kwamba ni sheria. Nayapitia machache hapa.

"Mali ya muda mfupi ikiwa mara mbili ya madeni, duka liko salama." Nusu kweli.

Huu ndio uwiano wa ukwasi. Unajumlisha fedha taslimu, unachowadai wateja, mzigo ulionao na malipo uliyotanguliza, kisha unagawa kwa madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka. Kipimo cha mbili kwa moja kilipata nguvu kwa mabenki ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na akili yake ni ya mkopeshaji: hata mali ikiuzwa kwa nusu bei, deni bado linalipika. Inamfaa mtu anayejiandaa kukamata mali. Anayetaka kesho asubuhi ainue shata la duka lake anahitaji kujua zaidi ya hapo.

Tuifungue ile milioni 240. Taslimu ni 12. Wateja waliochukua mali kauli, yaani kwa mkopo, wanadaiwa 54. Kodi ya frem iliyotangulizwa kwa mwaka mzima ni 24, maana wenye nyumba wa Kariakoo wanataka miezi 6 au 12 kwa mkupuo. Milioni 150 zilizobaki ni vitenge. Upande wa pili, 90 ni za wenye mzigo na 30 ni za benki.

Kihasibu, kodi iliyotangulizwa ni mali, na ni halali kuiandika hivyo, kwani ni frem ambayo bado hujaikalia. Lakini hebu nenda kamwombe mwenye nyumba akurudishie miezi minne ulipe deni. Iondoe hiyo, ondoa na mzigo ambao lazima kwanza upate mnunuzi, unabaki na milioni 66 dhidi ya 120. Kwa kila shilingi anayodaiwa, mama ana senti 55 mkononi au kwa wateja. Ile mbili kwa moja imeyeyuka na hakuna aliyeiba.

Kisha tukapanda stoo. Ngazi nyembamba, bega linagusa ukuta, juu kuna balbu moja. Upande wa mlango marobota yalikuwa yamefunguliwa, vipande vimepungua, sakafu inang'aa kwa kupitwapitwa. Upande wa dirisha kulikuwa na marobota ya kitenge cha rangi ya ugoro, kamba hazijaguswa, vumbi limekaa juu kama unga. Kiliagizwa wakati rangi hiyo ndiyo habari ya mjini; kilipotoka bandarini mji ulikuwa umehamia rangi nyingine. Thamani yake, milioni 60. "Hii imedoda," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jirani mgonjwa.

Kwenye karatasi yangu hapakuwa na neno "imedoda". Palikuwa na "bidhaa, milioni 150". Kanuni za uhasibu zinataka mzigo uandikwe kwa gharama yake au kwa bei utakayouzika, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mimi nilikuwa nimechukua orodha kutoka kwa kijana wa duka, nikaijumlisha nikiwa nimekaa. Kosa ni langu, si la uwiano.

"Wastani wa mzunguko utakuonyesha tatizo." Si kweli, au si kila mara.

Kwa mwaka, duka hili linauza vitenge ambavyo gharama yake ya kununulia ni milioni 450. Gawanya kwa mzigo wa 150, unapata mizunguko mitatu, yaani kila kitenge hukaa dukani kama siku 122. Afisa mikopo akiona hivyo atasema biashara inakwenda polepole, aongeze matangazo. Sasa toa ule mzigo uliododa. Milioni 90 zilizobaki zinazunguka mara tano, siku 73 tu. Sehemu moja ya duka inakimbia vizuri, nyingine haijasogea tangu ilipopandishwa ngazi, na wastani unatuambia kwamba vyote vinatembea kwa mwendo wa bibi harusi.

Anayejua hili zaidi yetu ni winga, yule kijana anayesimama mtaani akivuta wateja. Muulize kitu gani hakitoki. Hana haja ya kugawa chochote.

"Faida ikiwepo, biashara haiwezi kufa." Si kweli.

Faida huandikwa siku mzigo unapotoka, haingoji hela iingie. Nusu ya mauzo ya mama, kama milioni 270 kwa mwaka, ni mali kauli kwa wateja wa mikoani na wa mipakani. Anawadai 54, kwa hiyo kwa hesabu ya mwaka wanamlipa baada ya siku 73. Walikubaliana mwezi mmoja. Wenye mzigo wake naye huwalipa baada ya siku 73, na hapo mtu angedhani ngoma imetoka sare. Haijatoka. Kabla kitenge hakijaenda kwa mteja wa mkopo, kimeshakaa stoo siku 122 kwa wastani. Hizo siku 122, miezi minne mizima, nani anazigharamia? Mama, pamoja na ile milioni 30 ya benki. Faida yake ipo, halali kabisa. Iko Tunduma, kwenye duka la mtu mwingine, na simu inaita bila kupokelewa.

Mambo haya si ya maduka peke yake. Mwaka 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilitupa somo la aina mbili ndani ya miezi minane. Januari ilifunga benki tano, yaani Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru, kwa sababu mtaji wao ulikuwa umeshuka chini ya kiwango cha sheria. Agosti iliweka Bank M chini ya usimamizi wake kwa sababu nyingine: ukwasi, kushindwa kulipa madeni yaliyoiva. Mwanzoni mwa 2019 mali na madeni ya Bank M vilihamishiwa Azania. Mtaji mdogo ni ugonjwa mmoja na ukosefu wa ukwasi ni mwingine, ingawa mara nyingi mmoja humwita mwenzake. Ukiwa na kipimo kimoja tu mkononi, utatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Na kwa faida ya wanaoweka akiba: benki zetu huchapisha hesabu zake magazetini kila robo mwaka. Shuka chini kabisa ya ukurasa, pale ambapo wengi huishia kufungia vitumbua. Utakuta mstari wa mikopo chechefu kama asilimia ya mikopo yote. Benki Kuu inataka isizidi 5. Miaka ile ya 2017 na 2018 wastani wa benki zote ulivuka 10. Mstari mmoja huo una habari nyingi kuliko picha ya mkurugenzi anayetabasamu kwenye ukurasa wa mbele.

"Uwiano mzuri ni mzuri kwa kila biashara." Si kweli hata kidogo.

Muuza nyanya anayezungusha mzigo mara tatu kwa mwaka ameshauza mbolea. Muuza vipuri wa Gerezani anayeuzungusha mara tatu anaweza kuwa anakula vizuri tu, maana kipuri hakiozi na mwenye gari bovu habembelezi bei. Supamaketi ndiyo kichekesho: inauza kwa taslimu leo, inamlipa msambazaji baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo ukwasi wake kwenye karatasi unaweza kuwa chini ya moja kwa moja na bado ikawa nzima. Inaishi kwa hela za wasambazaji. Siku wasambazaji wanapokata tamaa, ndipo unapoiona hatari yake. Nakumatt ya Kenya ilinunua maduka ya Shoprite jijini Dar mwaka 2014; ilipofika 2017 rafu zilikuwa tupu, kule Nairobi na hapa Mlimani City. Aliyetaka kujua habari mapema hakuhitaji mizania, angepita kwenye rafu za sukari na sabuni akaona zimepangwa safu moja mbele, nyuma hakuna kitu.

"Nimenunua 10,000, nauza 12,000, nina faida ya asilimia 20, kwa hiyo nikipunguza 20 narudisha mtaji." Si kweli, na linagharimu watu kila siku.

Asilimia 20 ni ya gharama. Ukipima kwa bei ya kuuzia, 2,000 kati ya 12,000 ni asilimia 16.7. Punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia. Toa asilimia 20 ya 12,000, unauza 9,600, umemlipa mteja 400 achukue mali yako. Nimewahi kuona bango la punguzo hilo likining'inia wiki nzima na mwenye duka anashangilia foleni.

"Deni ni ugonjwa." Inategemea nani analibeba.

Kariakoo isingekuwepo bila mali kauli. Mtu anaanza na frem ya kuchangia na jina zuri, anapewa mzigo kwa neno tu, anauza, analipa, anapewa mwingi zaidi. Ukimpima kwa deni dhidi ya mtaji atatisha, lakini uaminifu wake hauna mstari kwenye mizania. Kinachonitia wasiwasi ni deni la muda mfupi lililozikwa kwenye kitu cha muda mrefu: mkopo wa miezi 12 uliolipia kilemba, ile hela ya kuachiwa frem, au ukaanzisha nyumba Chanika. Kilemba hakizai haraka kiasi hicho, na nyumba ya Chanika haina mlango wa kutolea rejesho la mwezi.

Kuna jingine ambalo hakuna uwiano unaolitaja. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua usiku. Mizigo iliyokuwa mali jioni ilikuwa majivu asubuhi. Upande wa madeni hauungui. Kwa hiyo nikimaliza kugawa, huwa nauliza bima iko wapi, na mara nyingi jibu ni kicheko.

"Hesabu zikikaguliwa, tarakimu hazina shaka." Si kweli.

Aprili 2016 Chase Bank ya Kenya ilitoa hesabu za 2015 kwa mara ya pili, na mikopo iliyokwenda kwa watu wa ndani ilionekana mikubwa mno kuliko kwenye toleo la kwanza. Tarehe 7 mwezi huo ikawekwa chini ya msimamizi. Uwiano aliokuwa amekokotoa mtu kwa toleo la kwanza ulikuwa sahihi kwa kikokotoo, na haukuwa na maana yoyote.

Huku kwetu tatizo ni la kienyeji zaidi. Kuna daftari la kodi, kuna daftari la benki, na kuna lile la kweli lililo chini ya droo, lenye alama ambazo mwenyewe tu anazisoma. La kwanza linalia, la pili linajigamba. Ukiletewa uwiano, uliza kwanza umetoka kwenye daftari lipi. Angalia pia tarehe. Duka la nguo lililofunga hesabu tarehe 31 Desemba, baada ya msimu wa Krismasi, ni sawa na mtu aliyepimwa uzito siku ya pili ya Idi. Mpime tena katikati ya Machi.

"Ipo namba moja inayotabiri kufilisika." Kwa kampuni fulani, kiasi. Mwaka 1968 Edward Altman wa New York aliunganisha uwiano tano akapata alama moja, akaijaribu kwa kampuni 66 za viwanda za Marekani, nusu yake zilizofilisika. Kazi nzuri, na bado inatumika. Lakini mmoja wa uwiano huo unataka thamani ya hisa sokoni, na hisa za duka la vitenge hazijawahi kuuzwa popote.

Turudi kwa mama. Jumamosi iliyofuata aliita machinga, akawapa marobota yote ya rangi ya ugoro kwa milioni 45, taslimu. Hasara ya 15 tuliiandika, na iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Mali ikashuka hadi milioni 225, uwiano wa ukwasi ukatoka 2 ukawa 1.88. Ukiacha mzigo na kodi ya frem, akawa na senti 92 na nusu kwa kila shilingi anayodaiwa, badala ya 55. Jumatatu aliwalipa wenye mzigo, stoo ikapata nafasi upande wa dirisha.

Mwezi uliofuata afisa mikopo alinipigia simu akiwa mkononi na karatasi yangu mpya, niliyoifunga Jumamosi ile kabla ya malipo. Alitaka kujua kwa nini afya ya duka imeshuka.